Madanzi Nyuma ya Kuta za Hagi

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni vyuma vya kando ya barabara, vile vinavyozuia gari lisitumbukie bondeni. Kote nilikopita Japani vyuma hivyo hupakwa rangi nyeupe, na macho yangu yalishavizoea kiasi cha kutoviona tena. Basi letu lilipoacha kituo cha Shin-Yamaguchi na kuanza kupanda milima kuelekea kaskazini, vikageuka. Vikawa na rangi ya chungwa lililoiva, kona baada ya kona, na nyuma yake misitu ya kijani kibichi ya mwezi wa Mei.

Bibi mmoja aliyeketi upande wa pili wa ujia akaniona ninavyovikodolea macho. Kijapani changu ni cha kuombea maji, lakini neno alilonitajia nililishika kwa sababu alilirudia mara tatu, kila mara polepole zaidi: natsumikan. Halafu akachora duara hewani kwa vidole na kukunja uso, ule uso wa mtu aliyeuma ndimu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mkoa wa Yamaguchi ulichagua rangi hiyo mwaka 1963, ulipoandaa mashindano ya michezo ya taifa, kwa heshima ya tunda hilo la rangi ya jua na ladha ya siki. Siku hiyo sikulitilia maanani. Mimi nilikuwa nimefuata ngome.

Kisa chenyewe kilianzia Hiroshima, ninakoishi kwa masomo. Pale mjini kuna ngome ambayo kila mgeni hupelekwa. Ni nzuri ukiiangalia kwa mbali, lakini nilipoingia ndani nilikuta zege na ngazi kama za ofisi ya serikali, kwa sababu ile ya asili iliangushwa na bomu la mwaka 1945 na hii ilijengwa 1958. Kwenye kibao kimoja nikasoma jina la aliyeanza kuijenga mwaka 1589: Mori Terumoto. Nikasoma pia kwamba hakuikalia muda mrefu. Mwaka 1600 Japani iligawanyika pande mbili katika vita vya Sekigahara, na Terumoto alikuwa mkuu wa upande wa magharibi, japo kwa jina tu, maana siku ya mapigano yeye alikuwa ameketi katika ngome ya Osaka. Upande wake ukashindwa. Mshindi, Tokugawa Ieyasu, akamnyang'anya Hiroshima na sehemu kubwa ya ardhi yake.

Wakati ule utajiri wa mtawala ulipimwa kwa koku, yaani kiasi cha mchele kinachokadiriwa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Terumoto alikuwa na zaidi ya koku milioni moja. Akaachiwa takriban laki tatu na elfu sabini, majimbo mawili ya mwisho kabisa wa kisiwa kikuu, na ruhusa ya kujenga ngome moja tu. Husimuliwa kwamba alipendekeza mahali patatu, viwili vikiwa karibu na njia kuu na bandari nzuri, na Tokugawa wakamchagulia cha tatu, kibaya kuliko vyote: delta yenye kinamasi, milima mgongoni, Bahari ya Japani usoni. Hapo ndipo Hagi. Terumoto aliingia mwaka 1604.

Nikajiambia nitamfuata mtu huyu hadi alikotupwa. Kutoka Hiroshima ni nusu saa na ushee kwa shinkansen, treni ya kasi, kisha saa moja na kitu kwa basi. Yeye, na masamurai wake pamoja na familia zao, ilimchukua muda zaidi.

*

Nilikodi baiskeli. Mji wote umekaa juu ya ardhi bapa kama sinia, kati ya mito miwili, Matsumoto na Hashimoto, ambayo ni mto mmoja uliogawanyika kabla ya kufika baharini. Mwisho wa delta, upande wa magharibi, unasimama mlima Shizuki, wa mita 143 tu, uliochomoza peke yake kando ya maji kama kofia iliyosahauliwa ufukweni. Ngome ilikuwa chini yake. Nikakanyaga kuelekea huko, nikalipa kiingilio kidogo, nikavuka handaki la maji, nikaingia.

Hapakuwa na ngome.

Ulikuwapo msingi wa mawe, umejibana vizuri, umepinda kwa madaha kutoka chini hadi juu kama mashua iliyogeuzwa. Palikuwa na miti ya micheri iliyokwisha kupukutisha maua mwezi uliotangulia. Mzee mmoja alikuwa anafagia majani. Nikamuuliza kwa Kijapani changu kile kile: mnara uko wapi? Akaegemea fagio, akaelekeza kidole hewani juu ya mawe, mahali ambapo mnara ungekuwepo, akakiweka pale muda mrefu kidogo, kama anauona. Kisha akarudi kufagia.

Mnara wa Hagi ulikuwa wa ghorofa tano. Ulibomolewa mwaka 1874, na picha ya zamani iliyopigwa kabla haujaangushwa inatundikwa huku na huko mjini, kama picha ya marehemu sebuleni. Wala haukubomolewa na adui. Serikali mpya ya Meiji, iliyochukua nafasi ya Tokugawa, ndiyo iliyoamuru ngome za nchi ziondolewe, na serikali hiyo ilijaa watu waliozaliwa humu humu Hagi. Wana wa mji walikwenda Tokyo wakawa mawaziri, na ngome ya nyumbani ikavunjwa kwa utaratibu, bila vita.

Nikiri kwamba nilikasirika kidogo. Umetoka mbali, umebeba kamera, umefunga safari kwa ajili ya msingi. Nikakaa juu ya jiwe nikala wali wa pembetatu uliofungwa kwa mwani, nikawaza kama kuna basi la jioni la kurudi.

*

Kilichoniokoa ni ramani. Karibu na ngome nilipewa karatasi mbili: moja ya watalii ya leo, nyingine nakala ya mchoro wa zama za Edo, enzi za watawala wa Tokugawa. Watu wa Hagi hujivunia kwamba unaweza kutembea mjini mwao kwa ramani ya zamani, nami nikadhani ni maneno ya kuuzia biashara. Nikaiweka ile ya kisasa mfukoni ili niwaumbue.

Sikuwaumbua. Ukitaka kuuelewa mji wa aina hii, ambao wao huuita jokamachi, mji wa chini ya ngome, uchukulie kama orodha ya vyeo iliyochorwa ardhini. Ngome iko mwisho. Ndani ya handaki, mtaa wa Horiuchi, walikaa wakuu wa ukoo na mawaziri wa daimyo, yaani mtawala wa himaya. Nje ya handaki walikaa masamurai wa kati, wakichanganyika na wafanyabiashara wakubwa waliopewa zabuni za ngome. Mbali zaidi, watu wadogo, na mahekalu kule pembezoni. Ramani ya zamani imeandika kila kiwanja na jina la mwenyewe. Nilikuwa nafuata mstari kwa kidole, nikifika kwenye kona ya karatasi nafika kwenye kona ya udongo. Mfereji uliochorwa ulikuwepo na maji yake. Uchochoro uliochorwa mwembamba ulikuwa mwembamba.

Na kuta! Horiuchi ni mji wa kuta. Nyingine ni za udongo mkavu uliopangwa na mawe na vipande vya vigae, juu zimevikwa vigae vyeusi visivujishe mvua. Nyingine zimepakwa chokaa nyeupe iliyoumuka kidogo kati ya vigae vya mraba. Nyingi ni ndefu kunishinda. Kuna mahali panaitwa kaimagari, kona ya ufunguo, ambapo njia inakatwa ghafla kushoto halafu ghafla kulia, kuta pande zote, ili adui akiingia asione mbele wala asijue anakoelekea. Mimi si adui wa mtu, lakini nilizunguka pale mara tatu na kila mara nikatokea kwenye duka lile lile la ufinyanzi. Mara ya tatu mwenye duka alinipungia mkono.

Nimekulia Bagamoyo. Najua kutembea kati ya kuta za zamani, na najua zinavyokufa. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, mji wetu ulibaki na bahari yake na nyumba za mawe ya matumbawe ambazo mmoja mmoja wenyewe walizihama. Paa likitoboka, mvua tatu nne, chokaa inalainika, ukuta unakaa chini kama mtu aliyechoka. Utotoni tulicheza kwenye milango ya nakshi ambayo nyuma yake hapakuwa na nyumba. Hagi nayo ilihamwa. Mwaka 1863 mtawala wa ukoo wa Mori aliondoka na ofisi zake akaenda mji wa Yamaguchi, ulio katikati ya himaya na mbali na mizinga ya meli za kigeni. Halafu ngome ikabomolewa. Halafu wakubwa wakahamia Tokyo. Udongo ni udongo, na mvua ya Japani haina huruma kuliko yetu. Kwa nini basi kuta hizi zimesimama?

Jibu lilikuwa linaning'inia juu ya kichwa changu. Juu ya kila ukuta, toka upande wa ndani, matawi yalimwagika nje yakiwa na matunda makubwa ya rangi ya vile vyuma vya barabarani. Na kwa kuwa ilikuwa Mei, matunda ya mwaka uliopita yalikuwa bado mtini, na kati yake maua meupe ya mwaka unaokuja, yanayonukia mtaa mzima. Natsumikan: chungwa la kiangazi. Kwetu Pwani tungeliita danzi bila kuuliza mtu.

*

Kisa cha madanzi haya ndicho kilichonifanya niongeze siku mbili.

Kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini samurai wa Hagi aliishi kwa posho ya mchele kutoka kwa daimyo wake. Hakulima wala kuuza kitu. Mwaka 1871 himaya zote zilifutwa na nchi ikawa mikoa. Mwaka 1873 likaja jeshi la kuandikisha mtoto wa mkulima sawa na mtoto wa samurai. Mwaka 1876 kukatolewa amri ya kutobeba upanga hadharani, na mwaka huo huo posho zikageuzwa hati za dhamana za serikali ambazo, kwa masamurai wa chini, hazikutosha kitu. Mji mzima wa watu waliosomea vita na mashairi ukaamka hauna kazi, ngome hakuna, bwana hayupo.

Mwaka huo huo wa 1876 Hagi ilitoa majibu mawili. La kwanza lilikuwa la Maebara Issei, aliyewahi kuwa mkubwa serikalini Tokyo kisha akajiuzulu na kurudi nyumbani. Akakusanya watu mia kadhaa wenye hasira, wakaasi mwezi Oktoba. Jeshi la serikali, likiamrishwa na watu waliokuwa majirani zake, likawazima upesi, naye akauawa kabla mwaka haujaisha. Mwalimu mzee wa mji, Tamaki Bunnoshin, ambaye vijana wake walijiunga na uasi, alijiua kwa kuona aibu.

Jibu la pili lilikuwa la Obata Takamasa, naye samurai na naye afisa wa serikali aliyerudi nyumbani. Yeye aliotesha mbegu za danzi na kugawa miche. Viwanja vya wakubwa wa Horiuchi vilikuwa vitupu, nyumba nyingi zimeshavunjwa, magugu yanaota uani. Miche ikapandwa humo. Danzi huteswa na upepo wa bahari, na upepo wa Bahari ya Japani wakati wa baridi si wa mchezo. Lakini viwanja hivi tayari vilikuwa na kuta ndefu pande zote, zilizojengwa ili kuzuia mishale na macho ya watu. Kuta zikazuia upepo. Kwa hiyo mwenye shamba akaufanyia ukuta matengenezo kila mwaka, si kwa kuheshimu historia, bali asipoteze mavuno. Madanzi yakapakiwa na kuuzwa hadi Osaka, yakasomesha watoto wa waliokuwa masamurai.

Niliposimama kwenye kona ya ufunguo mara ya nne, niliutazama ule ukuta kwa jicho lingine. Mwaka 1976, miaka mia kamili baada ya miche, mitaa ya Horiuchi na Hiyako ilikuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa nchini kuwekwa chini ya sheria ya kuhifadhi mitaa ya kale. Serikali ilipokuja na sheria yake, kilichobaki cha kuhifadhi kilikuwa kimehifadhiwa na wauza matunda.

Kwenye uchochoro mmoja nilikuta kibanda cha mbao, hakina mtu. Mifuko ya madanzi matano matano, kopo la kutia sarafu, karatasi imeandikwa yeni mia moja. Duka halina mwenyewe, wala mlinzi. Nikatia sarafu yangu kwa kelele kidogo ili kama kuna mtu nyuma ya ukuta asikie kwamba nimelipa.

Mama mwenye nyumba ya wageni niliyofikia alinionyesha namna ya kulila. Ganda nene unalipasua kwa kisu, ngozi ya kila pingili unaivua, unabaki na nyama. Zamani, alisema, watu walinyunyizia magadi kupunguza ukali, na watoto sukari. Nikaomba chumvi. Akaniletea. Nikafungua mkoba nikatoa kichupa changu cha pilipili ya unga, ambacho hakiachani nami popote, nikachanganya kama tunavyofanyia embe mbichi, nikamkaribisha. Akauma kidogo kwa adabu. Akanyamaza. Halafu akamwita mumewe.

*

Kuna mambo ya Hagi ambayo kitabu cha watalii kitakueleza vizuri kuliko mimi, nami nitayapitia mbiombio. Shule ndogo ya Yoshida Shoin, Shokasonjuku, ndiyo inayowaleta Wajapani wengi huku. Ni nyumba ya mbao ambayo kwetu ungeipita ukidhani ni banda la uani: chumba cha mikeka minane ya tatami na nyongeza ya kumi na nusu waliyojijengea wanafunzi. Shoin alikuwa kijana aliyejaribu mwaka 1854 kudandia meli ya Wamarekani ili akaione dunia, wakati kutoka nje ya nchi ni kosa la kifo. Akarudishwa Hagi, akafungwa, kisha akafundisha hapa kwa muda wa zaidi kidogo ya mwaka. Mwaka 1859 alikatwa kichwa Edo, Tokyo ya leo, akiwa na umri wa miaka 29. Katika wanafunzi wake mmoja, Ito Hirobumi, akawa waziri mkuu wa kwanza wa Japani mwaka 1885, na mwingine, Yamagata Aritomo, akamfuata baadaye. Mkoa huu mmoja umetoa mawaziri wakuu wanane, wa karibuni zaidi Abe Shinzo.

Nilisikia mambo mengi ya sifa pale. Sifa zilinichosha kidogo, kwa sababu Ito huyu huyu ndiye aliyekwenda kuisimamia Korea ilipotiwa chini ya Japani, na Mkorea akampiga risasi mwaka 1909. Hata ndani ya Japani si kila mtu anaimba wimbo wa Hagi. Kaskazini mashariki kuna mji mwingine wa ngome, Aizuwakamatsu, ulioshambuliwa mwaka 1868 na majeshi ya serikali mpya, ya huku yakiwemo. Katika miaka ya 1980 Hagi ilinyoosha mkono wa urafiki, miaka 120 imepita, tusameheane. Aizu ikajibu kwamba bado mapema.

Basi la kuzunguka mji nalo linabeba historia kwa nauli ndogo. La upande wa mashariki linaitwa Shoin Sensei, yaani Mwalimu Shoin. La magharibi Shinsaku-kun, jina la mwanafunzi wake mtundu Takasugi Shinsaku, aliyeunda kikosi cha wanajeshi wakichanganyika masamurai na watu wa kawaida. Siku ya mvua nilimngoja Mwalimu, akaja Shinsaku, nikapanda hivyo hivyo nikatokea upande nisioutaka wa mji.

Huko nje kidogo ya delta nikaliona tanuri la kuyeyushia chuma, au kilichobaki: dohani la mawe na matofali, urefu wa mita kumi na nusu, katikati ya mtaa wa kawaida, karibu na reli. Nalipenda kuliko shule. Katikati ya karne ya 19 himaya hii ilitaka kujitengenezea mizinga mikubwa. Watu wa himaya ya Saga walikuwa wameshajenga tanuri kwa kusoma kitabu cha Kidachi. Hagi ikatuma watu wakaombe mchoro. Saga wakakataa kutoa siri, wakawaruhusu kuchora tu kwa macho walichokiona. Wakachora, wakarudi, mwaka 1856 wakajenga la majaribio. Halikuendelea kuwa kiwanda, lakini lenyewe, mji wa ngome na ile shule viliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015, pamoja na maeneo mengine ya mwanzo wa viwanda vya Japani. Mtu aliyewahi kunakili kazi ya mwenzake kwa kuchungulia begani anastahili kwenda kulitazama dohani lile.

Kwenye hekalu la Tokoji, lililoanzishwa mwaka 1691, nilikaa jioni nzima. Nyuma yake, chini ya miti, wamezikwa watawala watano wa ukoo wa Mori pamoja na wake zao, na mbele ya makaburi zimesimama taa za mawe karibu 500, mistari kwa mistari, kila moja sadaka ya samurai aliyebaki hai kwa bwana aliyetangulia. Ukoga wa kijani umezipanda hadi shingoni. Tarehe 15 Agosti huwashwa zote. Mimi nilizikuta zimezima na mbu wamekusanyika, nikaondoka nimejikuna hadi damu.

*

Nimeacha ufinyanzi hadi sasa kwa sababu ndio ulionitia fikira zaidi.

Yule mwenye duka aliyenipungia mkono kwenye kona ya ufunguo, nilirudi kwake. Mbele yake nilijihisi nina deni. Akaniketisha, akanipa chai katika bakuli la Hagi. Ukilishika mara ya kwanza unadhani limekosewa. Ni zito kwa macho na jepesi mkononi, rangi yake kama ya maganda ya papai au ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na limechongwa pengo katika kikanyagio, ile duara ya chini linayosimamia. Ngozi yake ya kioo ina nyufa nyembamba kama nywele, na udongo wa ndani ni mlegevu, unanyonya. Ukinywea kila siku, chai hupenya kwenye nyufa na bakuli hubadilika rangi mwaka hadi mwaka. Wenyewe wanasema bakuli la Hagi lina sura saba. Wapenzi wa sherehe ya chai huliweka la pili nchini, nyuma ya vyombo vya Raku, mbele ya vile vya Karatsu.

Kuhusu lile pengo, watu husimulia kwamba wafinyanzi wa daimyo walikata kikanyagio makusudi ili bakuli lihesabiwe kuwa na kasoro na raia wa kawaida aruhusiwe kulinunua. Yule bwana alitikisa kichwa akitabasamu. Akasema mabakuli ya Korea yalikuwa na pengo hilo zamani kabla ya Hagi.

Korea tena. Kati ya mwaka 1592 na 1598 majeshi ya Japani yaliivamia Korea, na watawala waliporudi walirudi na watu: wafinyanzi. Kwa ukoo wa Mori walikuja ndugu wawili, Yi Jak-gwang na Yi Gyeong. Mori walipofukuzwa Hiroshima, wafinyanzi nao walihamishwa pamoja na vyombo vya nyumbani. Tanuri lao likajengwa Hagi, na mwaka 1625 Yi Gyeong akapewa jina la Kijapani, Saka Koraizaemon, ambalo uzao wake umeendelea kulirithi. Ndani ya jina hilo, Korai ni Korea. Walimpa jina jipya lenye nchi yake ndani.

Mtoto wa Bagamoyo hawezi kusikia habari ya watu kuvushwa bahari akaendelea kunywa chai kama hakusikia. Kwetu waliofikishwa pwani kwa minyororo hatukuwahifadhia majina yao. Niliuliza kama ndugu wale walikuja kwa hiari. Yule bwana alilizungusha bakuli lake mara mbili, kama wanavyofanya kwenye sherehe ya chai, akasema kwamba kwenye vita neno hiari ni gumu kulifinyanga. Au ndivyo nilivyomwelewa. Kijapani changu mnakijua.

Nilinunua bakuli dogo kabisa, la bei ya mwanafunzi. Linavuja. Alinionya: mwanzoni litavuja, litie uji wa wanga, endelea kulitumia, litajiziba lenyewe.

*

Siku ya kuondoka nilipita kwenye kile kibanda kisicho na mtu nikatia sarafu mbili. Mama wa nyumba ya wageni alishanipa madanzi mengine, na kwa kubadilishana nilimwachia kichupa cha pilipili, kwa hiyo nilipanda basi nikiwa na matunda zaidi ya kumi na tano, na bakuli lililozongwa kwenye shati; baiskeli nilishairudisha, sikutaka kuiona tena maishani.

Mfuko mmoja ulipasuka tulipoanza kupanda mlima. Madanzi manne niliyadaka. La tano lilitoka, likashuka ujia hadi kwa dereva. Barabara ikapinda, likarudi. Abiria, kwa adabu yao, waliinua miguu kulipisha, mmoja baada ya mwingine, bila mtu kucheka na bila mtu kuligusa, maana lina mwenyewe. Dirishani vile vyuma vya rangi moja nalo vilikuwa vinapita, kona kushoto, kona kulia, na lenyewe linakwenda mbele, linarudi nyuma, linakwenda mbele. Tulikuwa tumekaribia kuiacha milima ndipo mzee mmoja kiti cha nyuma alipolizuia kwa kiatu. Akaliokota, akatoa leso, akalifuta pande zote, akaja nalo hadi nilipokaa huku basi linayumba, akanipa kwa mikono miwili.

Nikampa moja. Akakataa. Nikampa tena. Akakataa tena. Mara ya tatu akalipokea, akainama, akarudi kwenye kiti chake akaliweka magotini.